Maziwa Juu ya Jiwe

Maziwa ya Mwanahalima yalianza kunuka siku ya Jumatatu, na wa kwanza kuligundua hilo alikuwa mtu wa miezi mitano. Kitwana aliwekwa titini asubuhi kama siku zote, akalishika, halafu akaliachia. Akakunja uso. Akageuzia shingo ukutani na kutoa nje kile kiulimi chake chekundu, kama mzee aliyeonja mchuzi uliochacha.

Mama yake akadhani ni gesi tumboni. Akampigapiga mgongoni, akambembeleza, akamrudisha. Mtoto akatapika. Hakuwa amemeza kitu, kwa hiyo alichotapika kilikuwa ute mtupu, ukamtiririkia Mwanahalima mkononi mpaka kwenye kiwiko. Hapo naye akaisikia ile harufu. Akanusa mkono, akamnusa mtoto, mwisho akajinusa kifuani. Ilikuwa ikitoka kwake.

Tuseme ukweli, harufu ya maziwa ya mama si marashi. Kila aliyelea anajua khanga ya mzazi inavyonuka ikikaa siku mbili bila kufuliwa. Lakini hii ilikuwa nyingine kabisa. Ilikuwa harufu ya mavi ya popo yaliyorundikana shimoni miaka na miaka, yakapata unyevu, yakachanganyika na kitu kitamu kilichooza. Mwanahalima aliitambua pale pale, maana aliinusa jana yake tu, juu ya kilima cha Kwa Mbiki. Alijifunga khanga vizuri, akamwita mama mkwe wake amtengenezee mtoto uji mwepesi.

Sasa turudi kwenye hiyo jana.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1982, mwaka wa foleni. Mume wa Mwanahalima, Abdala, karani wa mizani kwenye ghala la korosho pale Kisarawe, alikuwa amepanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Saa tatu muuza duka akatoka nje, akawatangazia kwamba lori halikuja na hajui litakuja lini. Abdala akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Alikuwa mwanamume asiyeweza kukaa na hasira yake sehemu moja, lazima aitembeze.

"Mama Kitwana, vaa viatu," alisema kabla hata hajaketi. "Leo tunapanda Kwa Mbiki. Kila siku nasikia watu wakisema ukiwa kule juu unaiona Dar yote, na meli zimepanga foleni baharini kama sisi dukani. Nataka nikazione na mimi nicheke."

"Leo hii? Na mtoto?"

"Mtoto yupo na bibi yake. Kwani bibi yake ana meno ya kumng'ata?"

Margareth, jirani yao, alikuwa anapita kutoka kanisani. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Maneromango, mwanamke wa kucheka ovyo. Akasikia neno kilima, akavua viatu vyake vya Jumapili, akaviweka kibarazani kwao na kusema naye anakwenda, pekupeku.

Mwanahalima alisita. Alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza, binti, hakufika arobaini. Aliamka asubuhi moja akamkuta amepoa. Tangu Kitwana azaliwe hakuwahi kumwacha kwa muda unaozidi ule wa kwenda kisimani na kurudi. Ni Bi Mwanamkuu mwenyewe, mama yake Abdala, aliyemsukuma.

"Nenda mwanangu, kapunge upepo, unazeeka humu ndani. Nimelea saba mimi. Adhuhuri mtakuwa mmesharudi."

Adhuhuri gani! Abdala hakuijua njia na hakutaka kuuliza. Aliwapitisha kwenye miiba, akawashusha bondeni mara mbili, akawapandisha kwenye utelezi wa majani yaliyooza, huku Margareth akimwita kiongozi wa msafara na kumpigia saluti. Walifika juu saa saba imepita, jasho tiririri. Lakini kweli palikuwa pazuri. Nchi ilishuka polepole upande wa mashariki: msitu, kisha mashamba ya mihogo na minazi, kisha mabati ya Dar es Salaam yakimeremeta juani, na mwisho kabisa bahari, mstari wa buluu ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Wakahesabu meli kumi na moja. Mwanahalima hakuwahi kuiona bahari kwa mbali namna ile. Alisimama na kutabasamu peke yake, na kwa dakika chache akasahau kama ana mtoto.

Upepo ndio uliomkumbusha, maana ulipanda kutoka kwenye mashimo ya zamani ya udongo mweupe, chini kidogo ya kilele, ambamo popo walilala kwa maelfu. Harufu ikampiga puani, akaiziba, na wakati huo huo akayasikia matiti. Yalikuwa yamejaa. Yalikuwa magumu, yanauma mpaka kwapani, na blauzi ilikuwa imeanza kulowa.

Kila mwanamke wa Kisarawe anafundishwa jinsi ya kufanya akijaa maziwa njiani. Unajikamulia kwenye khanga yako, unaikunja, unakwenda kuifua kwenu. Maziwa hayamwagwi chini, na porini ndiyo kabisa. Mwanahalima alifundishwa hayo na mama yake, akakumbushwa na kungwi, na Bi Mwanamkuu akamrudia mara ya tatu alipojifungua. Alijua. Lakini khanga aliyovaa siku ile ilikuwa mpya. Mwaka ule khanga zilikuja kwa mgao, doti moja kwa kila nyumba, jina linaitwa na balozi wa nyumba kumi, na yeye aliisubiri hiyo miezi saba. Ilikuwa bado na ugumu wake wa dukani. Aitie maziwa yaliyoganda, ipate doa la njano ambalo halitoki hata kwa sabuni, na sabuni yenyewe hakuna?

Alizunguka nyuma ya mwamba. Palikuwa na jiwe pana lenye kijishimo juu yake, kiasi cha kikombe cha chai. Akajiambia kwamba jiwe si chini. Akainama, akakamua titi la kulia, akakamua la kushoto, na kijishimo kikajaa maziwa meupe pepepe mpaka ukingoni.

"Mama Kitwana, twende!" Abdala aliita. "Jua linakwenda!"

Akafunga blauzi, akageuka kuokota kandambili zake. Alipogeuka tena, kijishimo kilikuwa kitupu.

Hakikumwagika. Kilikuwa kimerambwa. Jiwe liling'aa kwa mate, na kutoka kwenye ukingo wa jiwe mpaka kwenye majani kulikuwa na uzi mrefu wa ute, mzito, ukitikisika bado, kama kitu kilichokuwa kikiramba pale kimejitoa sasa hivi. Kisha pumzi ikampitia shavuni, yenye joto, inayonuka popo. Mwanahalima aliona kinyaa kuliko hofu. Alijifuta shavu kwa kiganja, akajifuta kiganja kwenye jani, akakimbilia kwa wenzake. Njia nzima ya kurudi alisikia nyuma yao majani yakikanyagwa bila mpangilio, hatua mbili na kuanguka, hatua tatu na kuanguka, kama mtoto anayejifunza kutembea. Margareth alisema ni nyani.

Hiyo ndiyo jana yenyewe.

Jumatatu ile adhuhuri, baada ya mtoto kulikataa ziwa na kunywa uji vijiko viwili vya shida, Mwanahalima alijilaza chumbani. Bi Mwanamkuu alikuwa nje kibarazani na Kitwana. Jua lilikuwa la utosi, nyumba imetulia, na usingizi ukambeba nusu. Ndani ya huo usingizi akasikia titi limeshikwa. Mtoto ananyonya. Moyo ukamfurahi, akajua bibi yake amemleta, njaa imemzidi, kiburi kimekwisha. Bila kufungua macho akamkumbatia, akampapasa kichwa.

Nywele zilikuwa ndefu, zimelowa, ngumu kama makumbi ya nazi. Vidole vikapita kwenye kitu cha ubaridi kilichokunjana, sikio, lakini lilikuwa juu mno, karibu na utosi. Na huo mnyonyo haukuwa wa mtoto. Ulivuta kwa mpango, taratibu, kwa ulimi mkavu unaokwaruza kama ulimi wa paka.

Nje, kibarazani, Kitwana akalia.

Mwanahalima akafungua macho. Hakuona kitu kifuani pake. Aliona chuchu yake mwenyewe imevutwa mbele, nyembamba, imerefuka kama kidole, inacheza peke yake hewani. Halafu ikaachiwa, ikatoa mlio wa kizibo, na mate baridi yakamtiririka mpaka kwenye kitovu. Alijikokota mpaka uani, akatapika, akajisugua kifua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka ngozi ikatoka damu. Harufu haikutoka.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo kosa lake la pili, na mimi simlaumu sana, maana ungemwambia nani kitu kama hicho, na ungekianzia wapi?

Kikaja tena Jumatano, saa ile ile. Na Kitwana akawa anapungua. Kila alipoletwa kifuani alijikunja kama aliyeletewa kidonda, akafumba mdomo, akatapika hata kabla hajagusa. Uji ulimshinda. Alhamisi Margareth alimweka kwenye mizani ya zahanati, akaitazama mara mbili.

"Kapungua nusu kilo, shoga. Mtoto huyu anakufa njaa na mama yake amejaa maziwa. Hebu nione."

Akamkamua kidogo kwenye bilauri. Maziwa yalikuwa meupe kwa juu, lakini ndani yake zilielea nyuzi za kijivu, zinazonyooka na kujikunja. Margareth akainusa bilauri, akaiweka mbali haraka, akaziba mdomo. Mwanamke yule alikuwa ameosha vidonda vya kila namna, amepasua majipu ya watu wazima, na hapo akatoka nje akatema mate.

"Si usaha," alisema aliporudi, kwa sauti ndogo. "Usaha naujua. Hiki sikijui, Mwanahalima. Usimpe."

Ijumaa wanaume wakaenda msikitini. Mwanahalima alikaa kitandani macho makavu, mgongo ukutani, mikono ameikunja kifuani, akiapa kwamba leo halali. Hakulala. Ilisaidia nini? Adhana ilipokwisha tu mikono yake ikakunjuliwa, mmoja baada ya mwingine, na vidole vidogo vyenye kucha, ikalazwa pembeni, naye hakuweza kuinyanyua wala kupiga kelele, akawa anatazama tu jinsi titi lake linavyobonyea na kuinuka, linabonyea na kuinuka, akisikia funda baada ya funda likishuka kwenye koo asiloliona, akisikia kile kitu kikivuta hewa puani kwa kamasi na kuguna kwa raha kama anavyoguna mtoto yeyote, na harufu ikijaa chumbani mpaka macho yanamtoka machozi, mpaka kilipotosheka, kikacheua usoni pake.

Bi Mwanamkuu alimkuta sakafuni amejilowesha.

"Kuna kitu kinaninyonya, mama," alisema. "Kinakuja mchana. Kimetoka Kwa Mbiki."

Mama mkwe akarudishia mlango. Akachuchumaa karibu yake, akanong'ona kama mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ulikamulia wapi?"

"Juu ya jiwe."

"Yarabi! Hukuwa na khanga?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Ilikuwa mpya, mama."

Bi Mwanamkuu angeweza kumtukana. Badala yake akavua mtandio wake mwenyewe, akamfuta uso, akatoka kumtafuta Abdala.

Jumamosi jioni lori la korosho liliwaletea Bi Biasha kutoka Kurui. Alikuja amekaa juu ya magunia, mwanamke mnene, mfupi wa pumzi, mwenye sifa ya kuwatoa majini watu wa wilaya nzima na sifa kubwa zaidi ya kuwasema vibaya. Abdala alimpa mkono ashuke, akaukataa.

"Shikamoo bibi," Mwanahalima alisema.

"Marahaba. Usinisogelee hivyo, unanuka." Akavuta pumzi puani, akakunja uso. "Ndiye. Naijua jamaa yake. Mara ngapi amenyonya?"

"Jumatatu, Jumatano na jana. Mara tatu."

"Na lile la jiweni?"

"Lile hakuninyonya. Aliramba."

"Mwanangu, hata ukimpa kwa kikombe, hata tone moja likifika tumboni, linahesabika. Hukusoma chuoni? Majini nao wana dini. Huyu ni Mwislamu kama wewe, na sheria anaijua kuliko mumeo. Kwa hiyo ni mara nne." Akanyoosha vidole vinne vinene. "Ikitimia mara tano, huyo ni mtoto wako wa ziwa. Halali kabisa, mbele ya Mungu. Na mtoto hafukuzwi kwao. Mimi hapo sitakuwa na kazi, wala mtu mwingine yeyote. Umenielewa?"

"Na Kitwana?" Abdala aliuliza. Sauti yake haikuwa na mzaha wowote.

"Kitwana ananyimwa chake na mwenye nguvu. Ana siku tatu, nne."

Mwanahalima alianza kulia. Bi Biasha akamwacha alie kidogo, halafu akafungua mfuko wake wa ukili. Dawa aliyokuja nayo ilikuwa ya kawaida sana, ile ile inayotumiwa na kila mama kumwachisha mtoto ziwa: shubiri. Ila yeye aliiponda na mvuje, ile gundi inayonuka ambayo majini hawapatani nayo, na nyongo ya mbuzi aliyoileta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Chumba kikanuka mpaka Abdala akatoka.

"Mtoto aliyeonja mara nne bado ni mgeni," alisema akikoroga kwa kidole. "Mgeni akikuta chakula kibaya anaondoka. Tutamwachisha. Lakini uelewe, ukishapaka hii, na mwanao wa tumboni ndiyo basi. Ziwa lako litakauka."

"Atakula nini?"

"Bibi ana mbuzi mwenye maziwa," Bi Mwanamkuu alijibu kwa niaba ya wote, akijitaja mwenyewe hivyo kama azoeavyo kumwambia mjukuu. "Margareth atatuonyesha kuyachemsha. Paka, mwanangu."

Jumapili adhuhuri, juma moja kamili baada ya kilima, Mwanahalima alilazwa kitandani kifua wazi, kimepakwa lile tope la kijani na nyeusi mpaka shingoni. Bi Biasha alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango na tasbihi. Bi Mwanamkuu na mtoto walikuwa kwa Margareth.

"Akishika tu atasikia uchungu ataachia," Bi Biasha alinong'ona. "Wewe kazi yako moja. Usimwonee huruma."

Huruma! Mwanahalima alitamani kucheka. Halafu majani ya uani yakakanyagwa, hatua nne, tano, sita, bila kuanguka tena, na mlango haukufunguka lakini harufu iliingia, ikasimama miguuni pake, ikapanda kitandani, godoro likabonyea kwenye muundi, kwenye paja, kwenye tumbo, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja ambaye Jumatatu hakuwa na uzito wowote, na zile nywele zilizolowa zikamgusa kidevu, na ule mdomo ukalitafuta titi upande huu na upande huu kama wanavyotafuta wote wakiwa na njaa, ukalipata, ukalishika kwa nguvu zake zote, ukavuta. Na kabla shubiri haijafika kwenye huo ulimi, kabla hakijaguna wala kutetemeka, Mwanahalima alisikia, wazi kabisa, funda moja likimezwa.

Kisha kikapiga yowe.

Lilikuwa yowe la mtoto aliyedanganywa na mama yake. Kikajitupa chini, kikakohoa, kikajigaragaza kwenye mkeka bila kuonekana, mkeka ukikunjuka na kujikunja, na kikatapika. Hayo matapishi ndiyo yalionekana. Yalitoka hewani, kiasi cha kikombe, kisha ndoo, maziwa yaliyoganda mabonge mabonge kama mtindi, ya kijivu, yenye nywele na mabawa ya popo na mafunza hai yanayojinyonganyonga, yakaenea sakafuni mpaka chini ya kitanda. Bi Biasha alisoma kwa sauti ya juu huku amejiziba pua kwa mkono mwingine. Hatua zikatoka mbio kuelekea uani, kuelekea msituni, na kile kilio kikapungua mpaka kikaisha.

Walisafisha saa nzima, wanawake wawili, kwa jembe na jivu, wakipokezana kwenda kutapika. Bi Biasha alipomaliza kunawa akamshika Mwanahalima bega.

"Nitakuuliza mara moja, nijibu kweli. Alimeza?"

Nje, Abdala alikuwa anarudi na Kitwana mikononi. Alikuwa anamsemesha. Mwanahalima alikumbuka lile funda. Aliona kinyaa hata kulifikiria, sembuse kulitamka.

"Hakumeza," alisema.

"Alhamdulillahi," Bi Biasha alisema, akaomba chai bila sukari.

Kitwana aliyachukua maziwa ya mbuzi. Siku tatu za kwanza aliyanywa kwa pupa, kijiko kwa kijiko, na nyumba nzima ikacheka tena. Bi Biasha alirudi Kurui na jogoo aliyepewa kama malipo. Titi la Mwanahalima likakauka, harufu ikamwondoka, akaanza hata kuivaa ile khanga.

Wiki ya pili mtoto akayakataa maziwa ya mbuzi. Akaukataa na uji. Mwanahalima alishikwa na hofu, lakini ajabu yake Kitwana hakupungua. Alinenepa. Mikono ikapata mikunjo, mashavu yakamjaa. Mwisho wa mwezi Margareth alimweka kwenye mizani, akapiga makofi.

"Kilo moja na robo juu! Mnampa nini, shoga, mniambie na mimi niwaambie wengine?"

"Uji," Mwanahalima alisema.

Hakumwambia habari za nepi. Kwenye nepi za Kitwana alikuwa akikuta vitu ambavyo havitoki kwenye uji: miguu ya mende, manyoya mafupi meusi, vijifupa vyembamba kama sindano. Alizifua mwenyewe nyuma ya choo, kabla Bi Mwanamkuu hajaamka, akishikilia pumzi.

Siku moja adhuhuri alimwacha amekaa kwenye mkeka chumbani, akazunguka nje, akachungulia dirishani. Kitwana alikuwa peke yake, mgongo umeegemea mito. Aliinua uso, akafungua kinywa wazi, akasubiri. Kisha akakifumba, akaanza kumumunya kwa fizi zake, ute ukimtoka kidevuni. Akafungua tena.

Mwanahalima alikimbilia ndani, akamshika taya, akaingiza kidole. Alichokitoa kilikuwa donge la kijivu, vuguvugu, lililotafunwa na kutafunwa mpaka likawa laini, jinsi mabibi wa zamani walivyowatafunia wajukuu nyama. Mate mazito yalilifunga. Ndani yake kulikuwa na kipande cha ngozi nyembamba, nyeusi, ya bawa. Alilitupa dirishani, akamwosha mtoto kinywa kwa maji na chumvi, akatapika palepale miguuni pake. Kitwana alimlilia. Hakumnyooshea yeye mikono. Aliinyoosha pembeni yake, penye pembe tupu ya chumba.

Baada ya hapo hakumwacha hata dakika moja. Alimfunga mgongoni usiku na mchana, akala naye mgongoni, akaswali amemweka mapajani. Alimpa uji, akautema. Alimpa maziwa, akatapika. Alimpondea ndizi mbivu, akafumba mdomo na kugeuzia shingo ukutani. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya tatu asubuhi utosi wake ulikuwa umebonyea, midomo imepasuka, na kilio kimebaki hewa tu. Abdala alikwenda kutafuta lori la kumleta Bi Biasha. Mwanahalima alijua hakuna atakachofanya Bi Biasha. Alikwishaambiwa kwamba mtoto wa ziwa hafukuzwi kwao.

Adhuhuri ilipofika alimfungua mgongoni, akamlaza kwenye mkeka, akamwekea mto. Chumba kilikuwa kinanuka tayari. Kilikuwa kimekuja mapema, kimesubiri. Alisimama mlangoni amejiziba pua kwa pindo la khanga, mwili mzima ukimsisimka kwa kinyaa, akatazama ile pembe tupu.

"Mwanangu," alisema, na neno lenyewe likamkwama kama kamasi. "Njoo umlishe mdogo wako."

Akatoka, akaurudishia mlango, akaketi kibarazani. Ndani kulikuwa kimya kidogo. Halafu kikaanza kutafunwa kitu, taratibu, bila haraka yoyote, na Kitwana akaacha kulia.